Tepu ya Somo la Tisa

Jumatatu, 30 Septemba 1974

Bertila,

Tarehe juu, jina chini yake. Ndivyo ulivyofundisha, nami nafuata. Daftari hili ni langu, hakuna atakayelisoma. Lakini sijui kuandika bila kumwambia mtu, na mtu niliyezoea kumwambia mambo ni wewe.

Mashine imefika. Sanduku la mbao, limeshushwa stesheni asubuhi, tumelibeba watu wanne. Ndiyo ile mashine ya tepu ambayo kituo chetu cha elimu ya watu wazima kiliahidiwa tangu mwaka juzi. Mwalimu Luhende, mkuu wa kituo, amesaini karatasi tatu. Akaniambia, Elieza, wewe ndiye mtunza vifaa, ifunge ndani ya kabati la chuma pamoja na amplifaya na spika vilivyomo, na uikaze isiondoke na mtu.

Sikumwambia ninachowaza. Mashine hii nimeingoja kwa ajili ya rili moja tu ya tepu. Ile uliyorekodiwa Novemba iliyopita, yule bwana wa kurekodi masomo alipopita na mashine yake ya mkononi. Somo la Tisa: Kuandika Barua. Aliondoka na mashine yake, tepu akatuachia, na tangu siku hiyo hatujawa na kitu cha kuichezea. Ulikuwa na mimba ya miezi saba. Ulisimama mkono kiunoni. Katikati ya somo ulikohoa, ukaiambia mashine "samahani". Kikohozi kile kimo humo, na samahani ile imo.

Nimeitunza vizuri. Iko ndani ya kabati, nyuma ya spika, mahali pakavu, imefungwa kwenye kile kitambaa chako cha maua ya bluu. Miguu ya kabati nimeisimamisha kwenye mikebe ya mafuta ya taa, mchwa hawapandi. Ufunguo ninao mimi.

Jumatano, 2 Oktoba

Matundu ya mashine hayalingani na matundu ya kabati. Nimeita Masele, seremala wa mtaa wa Ng'ambo. Alipima kwa kamba, akakuna kichwa, akasema waliotengeneza mashine na waliotengeneza kabati hawajawahi kusalimiana. Ametengeneza vipande viwili vya mninga vya kuishikilia. Imekaa vizuri. Nikaingiza waya ukutani.

Tap. Moshi kidogo. Kimya.

Nimekaa chini mbele ya kabati mpaka Mwalimu Luhende akaja kufunga ofisi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Fakhrudin amekuja. Unamkumbuka, fundi redio wa karibu na soko, yule aliyekuambia redio yetu inakohoa kwa sababu inavuta sigara. Ndugu zake wengi wameondoka, wengine Uingereza, wengine Kanada. Yeye yupo. Anasema babu yake alitembea kwa miguu na msafara kutoka pwani akibeba vioo vya taa, hakikuvunjika hata kimoja, kwa hiyo yeye hawezi kuondoka hapa kwa ndege, itakuwa dharau.

Alisoma kibati nyuma ya mashine. Akasema, Elieza ndugu yangu, hii imelelewa kwa volti mia na kumi. Wewe umeilisha mia mbili na thelathini. Bahati yake fyuzi imekufa kwa niaba yake.

Ana transfoma dukani. Kesho.

Jumamosi, 5 Oktoba

Inawaka. Taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Inachukua kama dakika moja kupata joto. Halafu—mngurumo. Mngurumo mzito kwenye spika, kama lori lililosimama mlangoni na halitaki kuondoka. Hakuna sauti ya mtu inayoweza kusikika juu ya mngurumo ule.

Fakhrudin anasema ni waya wa athi, ule unaokwenda kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa nje ya ukuta. Ardhi imekauka mno, chuma hakishiki kitu. Inatakiwa maji, tena ya chumvi, kila siku.

Maji ya bomba hayajatoka tangu Jumanne.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikwenda kanisani. Wewe ungecheka. Miaka minne ulikuwa unanidai twende kwenu Wakatoliki walau Pasaka, nami nikijibu Moravian hawajanifukuza bado. Sasa siendi kokote.

Nimechukua maji niliyoogea, nikatia chumvi, nikaenda kuimwagia fimbo. Mama mmoja wa darasa la jioni alikuwa anapita na unga wake wa njano, ule wa msaada wa njaa, kichwani. Akasimama. Akaniuliza, mwalimu, hicho ulichopanda kitaota lini? Nikamwambia mvua zikija. Akasema basi nami nitakuja kuomba mbegu.

Nilitabasamu. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba ungeulizia habari hiyo mara tatu ili nikusimulie upya.

Jumanne, 8 Oktoba

Mngurumo umepungua. Umebaki kama nyuki wa mbali.

Mashine ilikuja na tepu yake ya majaribio, bendi ya tarumbeta. Tumeijaribu hiyo kwanza. Yako sikuigusa. Nilisema moyoni, iwe ya mwisho, kila kitu kikiwa sawa.

Bendi ilitoka nzito, polepole, tarumbeta zinanguruma kama ng'ombe. Mwalimu Luhende akasema, mbona hawa wanapiga kama wanarudi mazishini. Halafu akaniangalia, akaanza kutafuta miwani yake aliyokuwa ameivaa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Barua ya mama yako. Imeandikwa na katekista wa kule kwao, karibu na Tura, lakini maneno ni yake, namsikia.

Wanahamishwa. Operesheni ya vijiji imefika. Nyumba zote za upande wao zinaachwa, wanakwenda kijiji kipya. Lori la kuwachukua ni Jumatatu tarehe 28. Hasemi kama ni vizuri au vibaya. Anasema mihogo itabaki, na kuku ameanza kuwagawa. Anasema kaburi lako na la mtoto ameyafagia na kuyazungushia mawe, kwa sababu hajui atarudi lini kufagia.

Halafu hivi: "Baba, uliniambia siku ya matanga kwamba unayo sauti yake. Jumapili, kabla ya lori, nitapanda treni nije niisikie mara moja tu. Nikishaisikia nitakwenda wanakotaka niende."

Nimeisoma barua hii nikiwa nimesimama posta. Nimeisoma tena hapa.

Siku kumi na saba.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwambia Fakhrudin yote. Hakutania. Akatoa kalamu sikioni, akachora juu ya karatasi ya kufungia sukari. Umeme wa kule mashine ilikotoka unapiga mara sitini kwa sekunde, wetu hamsini. Mota inafuata umeme, kwa hiyo hapa inatembea pole. Dawa yake ni kuunenepesha mhimili wa mota kwa sehemu moja ya tano, basi utepe utakwenda mwendo wake.

Tulijaribu kuuzungushia plasta ya vidonda. Ilizunguka, ikapata joto, ikateleza. Bendi ikawa inapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi.

Anasema inatakiwa pete ya shaba. Namjua mtu karakana ya reli, Alois, anakereza vyuma. Lakini yuko safari mpaka katikati ya wiki.

Jumatatu, 14 Oktoba

Namwagilia chuma asubuhi na jioni. Hakuna lingine.

Alhamisi, 17 Oktoba

Alois amerudi. Pete ameitengeneza wakati wa mapumziko ya saa sita. Ndogo, ingeingia kidole cha mtoto mchanga. Hakutaka hata soda. Alisema, mke wangu alijifunza kusoma kwa mke wako, sasa mshahara wangu anausoma mwenyewe, siwezi tena kumdanganya, kwa hiyo kwa kweli ningekudai fidia.

Tumeivalisha kwenye mhimili. Bendi ikatoka—bendi kabisa. Tarumbeta safi, ngoma mahali pake. Mwalimu Luhende alicheza hatua mbili mlangoni. Fakhrudin aliinamisha kichwa kama aliyesalimiwa na umati.

Nikawaambia yako nitaisikiliza kesho, peke yangu. Wakaelewa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nilioga. Nilivaa lile shati ulilokuwa ukilipenda. Nilifungua kitambaa polepole.

Bertila.

Ni wewe. "Somo la Tisa"—na halafu hakuna. Halafu "barua". Halafu hakuna. Unakuja, unakwenda, unakuja, unakwenda. Kama mtu anayeongea huku anafunikwa uso kwa mto, anafunuliwa, anafunikwa.

Niliizima baada ya dakika mbili.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mashine hii. Nimesafisha vichwa vya kusomea kwa spiriti na pamba. Nimekaza skrubu zote. Nimenyoosha utepe. Nimebadili waya wa kwenda kwenye amplifaya. Nimemwaga debe zima la maji kwenye fimbo.

Vile vile.

Jumapili, 20 Oktoba

Vile vile. Nimesoma kitabu cha maelekezo kurasa zote, na kamusi pembeni. Kuna ukurasa mzima juu ya mikanda kulegea. Mikanda haijalegea. Niliipigia mashine kelele kama mtu. Halafu nikaiomba msamaha.

Bado siku saba.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Fakhrudin alikuja saa nne. Alicheza bendi kwanza, mwanzo mpaka mwisho. Safi. Akaweka yako. Unakuja, unakwenda. Hakugusa kitu. Alisimama tu, kidole chake kinahesabu hewani. Akasema, angalia rili, usisikilize. Kila inapomaliza mzunguko mmoja, sauti inapotea mara moja. Rili ikiwa nene, shimo linachelewa. Ikiwa nyembamba, mashimo yanakaribiana. Akaizima.

Akasema, ugonjwa hauko kwenye mashine. Uko kwenye tepu. Upande mmoja wa rili, kutoka nje mpaka ndani, kuna kitu kimekula. Ulikuwa unaiweka wapi?

Nikamwonyesha. Hapa, nyuma ya spika, pakavu, mchwa hawafiki, kwenye kitambaa.

Alitoa bisibisi mfukoni, akaiinua mpaka nyuma ya spika, akailegeza mkononi. Ikaruka. Ikaenda kushika nyuma ya spika, tak, ikabaki imening'inia pale. Kule nyuma kuna sumaku kubwa kama sahani. Niliiona siku zote. Nilikuwa naipangusa vumbi.

Sauti kwenye tepu imeandikwa kwa sumaku, akasema. Sumaku nyingine ikiiegemea inafuta. Ukiitoa mapema, kidogo. Ukiiacha—

Nikamwambia miezi kumi na moja.

Alijaribu kuitoa bisibisi yake, ikagoma, akatumia mikono miwili. Akasema, twende tukanywe chai. Nikamwambia sina kiu. Akaenda, akarudi na chai, akaiweka sakafuni karibu nami, akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 22 Oktoba

Ni mimi.

Jumatano, 23 Oktoba

Kungekuwa na mchwa, wangekula kitambaa kwanza. Ningeona. Ungeachwa kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda, ungekuwa mzima. Ungeachwa kwenye meza ya ofisi, Mwalimu Luhende angekuwekea kikombe juu, ungekuwa mzima. Kama ningekuwa mtu mzembe, ungekuwa mzima.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimesikiliza yote. Dakika kumi na nane. Nimeandika kilichobaki, ili kama na hiki kitapotea kiwe mahali fulani:

"Somo la Tisa … barua. Barua ni … mtu aliye mbali … kama umekaa naye. Juu and— … tarehe, ili ajue … ulipomkumbuka. Chini yake … lake. Usiogope jina. Ukish— … jina, umemwita … atageuka …"

Kikohozi hakipo. Kimeangukia kwenye shimo. "Samahani" ipo, lakini nusu, "—mahani", na mtu asiyejua hatajua ni nini.

Na mwisho kabisa, rili ikiwa nyembamba, mashimo yanafuatana haraka: "Na mwi— … barua … mwom— … kumbu— … neno mo— … latosha."

Mimi najua ulisema nini. Nilikuwepo. Lakini mama yako hakuwepo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mwalimu Luhende ananishauri nimwambie mama kwamba mashine imeharibika. Amesema ni uongo wa huruma, mashine ni ya serikali, haitakasirika. Fakhrudin alikuwepo. Akasema, baada ya wiki nne, mashine hii sasa ni nzima, na leo ndiyo tuisingizie ugonjwa? Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wananitetea.

Barua haiwezi kumfikia kabla ya Jumapili. Atakuja.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimefagia darasa. Nimepanga mkeka. Mawingu yamefika mpaka Itetemia, pembeni ya mji, hayakuendelea.

Jumapili, 27 Oktoba

Naandika hapa hapa kituoni, mchana. Sina cha kufanya na mikono.

Alifika saa tano. Amekonda. Amebeba kibuyu cha asali na kifurushi cha karanga. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Unajua mila ya kwenu na kwetu: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Yeye alikaa nje kwenye ngazi, mimi ndani, tukawa tunasemeshana kupitia mlangoni. Alieleza safari. Treni ilikuwa imejaa, alipewa kiti na mwanajeshi aliyemwita bibi, naye akamwambia, mimi si bibi, mjukuu wangu hakukaa duniani. Yule mwanajeshi akalia. Alinieleza hivyo kama anavyoeleza habari ya mtu mwingine.

Nilimpa chai. Nilimpa ugali na mlenda. Akala kidogo. Nilimwambia apumzike. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia. Kila nilipopata neno la kwanza, la pili lilikimbia. Saa saba ikapita. Saa nane. Akasema, baba, sijaja kulala.

Nikafungua kabati. Nikamwambia aingie, sauti haifiki vizuri kwenye ngazi. Tukatatua jambo la mila hivi: mlango wa kabati nimeuacha wazi ukasimama kati yetu kama ukuta. Yeye yuko upande wa spika, juu ya mkeka. Mimi upande wa swichi. Nauona mguu wake mmoja, na ukingo wa kanga.

Niliweka rili. Nikabonyeza. Saa nane na nusu umeme ukakatika, mji mzima.

Saa tisa. Hakuna umeme. Treni yake ni saa kumi na moja na nusu, na lori ni kesho asubuhi.

Saa tisa na nusu. Mama kaniuliza, nasikia kalamu, unaandika nini, baba?

"Barua, mama."

"Kwa nani?"

Nikasema kwa Bertila. Nilidhani atashtuka. Akasema, basi na mimi nina maneno, andika. Alisema kwa Kinyamwezi, mimi naandika kwa Kiswahili kama nilivyoweza:

"Mwambie kesho tunahama. Mwambie asije akafika kwenye nyumba ya zamani akakuta wazi, akadhani tumemkasirikia. Nyumba mpya iko mstari wa tatu. Mlango hauangalii mashariki kama wetu, unaangalia barabara, ndivyo walivyoamua. Afuate ile njia ya zamani ya wapagazi, anaijua, nilimpitisha alipokuwa mdogo tukienda kuchimba dawa. Asipite porini. Na mtoto amshike mkono, ambebe akichoka."

Akauliza, umeandika yote? Nikasema yote. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema hapo kwenye mkono, weka wa kulia.

Wa kulia, Bertila.

Saa kumi. Hakuna umeme. Nimemwambia.

Nimeanza. Nimesema, mama, ile sauti si nzima. Ina mashimo. Maneno mengine yapo, mengine yameliwa. Mguu wake ukarudi nyuma kidogo chini ya kanga. Halafu akauliza, polepole, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango:

"Ni mchwa, baba?"

Angekubali. Mchwa wamemlia paa, wamemlia kitanda, wamekula kanga zako alizoziweka kwenye kikapu. Hakuna mtu wa kwetu anayelaumiwa kwa mchwa. Neno moja tu, na angeondoka na huzuni yake bila kunibeba na mimi juu.

Nimefungua mdomo. Sijui lilikuwa linakuja lipi.

Taa nyekundu imewaka.

Umeme umerudi. Saa kumi na dakika ishirini. Mashine inataka dakika moja kupata joto, na dakika hiyo ndiyo naandika, mkono wa kushoto uko kwenye swichi. Mama amekaa wima. Ameisogelea spika, bega lake limegusa mlango, naona mlango unatikisika kidogo. Ananiuliza tena, si kwa maneno, kwa kungoja. Sijamjibu.

Mngurumo umeanza. Maji ya fimbo sikuyamwaga leo.

Bertila, hapa ndipo ulisema tuweke lile neno la mwisho, lile ambalo kwenye tepu limekatika. Utukumbuke. Mama yako, mstari wa tatu. Na mimi.